Alama Iliyobaki Ukurasa wa 31

Kitabu kilirudi baada ya miezi minne, kikiwa safi kama nilivyokitoa. Mpwa wangu alikiweka mezani kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu, kisha akageuzia mazungumzo kwingine. Alipoondoka nilikichukua nikirudishe rafuni, nikaona kipande cha karatasi nilichokuwa nimekichomeka mimi mwenyewe ili kimsaidie kuweka alama. Kilikuwa kimesogea kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa 31, kikaishia hapo.

Kilikuwa kitabu cha Thucydides kuhusu vita vya Athens na Sparta, vilivyoanza mwaka 431 KK na kwisha mwaka 404 KK. Kijana alikuwa amenijia na swali la kawaida kabisa: "Mjomba, nataka nianze kusoma historia. Nishike kitabu gani?" Nilimjibu papo hapo, bila kumwuliza hata neno moja. Nilimtajia kitabu ninachokiheshimu kuliko vyote, nikamweleza kwamba aliyekiandika alikuwa jemadari katika vita hivyohivyo, kwamba alishindwa kuuokoa mji wa Amphipolis, akafukuzwa kwao, akakaa uhamishoni miaka 20, na kwamba huko uhamishoni ndiko alikopata nafasi ya kuwasikia watu wa pande zote mbili. Nilikipamba kitabu hadi mwenyewe nikatamani kukisoma upya.

Usiku ule nilizisoma tena zile kurasa 31. Mwandishi anaanza na Ugiriki ya kale kabisa, makabila yakihamahama, nani aliwahi kumiliki merikebu nyingi, kisha anaingia katika ugomvi wa Korintho na Kerkyra juu ya mji wa Epidamnus. Mimi najua kurasa hizo zinaelekea wapi, kwa hiyo nazifurahia. Mtu anayeshika kitabu cha historia kwa hiari yake kwa mara ya kwanza hajui. Anaona majina ya miji asiyoijua ikigombana kwa sababu asizozijali. Na kule mbele, kwenye kitabu cha pili, maana kazi hiyo imegawanywa katika sehemu ziitwazo vitabu, ndiko iliko habari ya tauni ya Athens ambayo ingemfanya asahau kulala. Hakufika.

Sikuumia kwa sababu hakukimaliza. Wote tunaacha vitabu njiani. Niliumia kwa sababu alinyamaza. Nilikuwa nimekisifu kitabu kupita kiasi, hata akaona kusema "kimenishinda" ni kunivunjia heshima au kujivua akili. Miezi minne alikaa nacho kama deni.

Wiki kadhaa baadaye nilimwuliza swali ambalo lingetangulia tangu mwanzo: "Siku ile ulipokuja kwangu, ulikuwa unataka kujua nini hasa?"

Alifikiri kidogo. "Nilitaka kujua watu wa kawaida walikuwa wanawaza nini, Mjomba. Si wafalme, si majemadari. Mtu tu wa miaka mia nne iliyopita, anayefanya kazi yake, aliamini nini akiwa peke yake?"

Swali hilo lilikuwa na kitabu chake, nacho kilikuwa rafuni kwangu muda wote. Ni kile cha Carlo Ginzburg kilichotoka mwaka 1976, ambacho kwa Kiingereza kinaitwa The Cheese and the Worms, yaani jibini na funza. Kinamhusu Domenico Scandella, aliyejulikana kwa jina la Menocchio, mwenye kinu cha kusaga nafaka katika kijiji cha Montereale, kaskazini mwa Italia, aliyezaliwa mwaka 1532. Menocchio alijua kusoma, na alikuwa na domo. Aliwaambia majirani, na baadaye akawaambia mahakimu wa Kanisa waliomshtaki kwa uzushi, kwamba mwanzoni ulimwengu ulikuwa umevurugika, ardhi, hewa, maji na moto vikiwa pamoja, kisha vikagandamana kama maziwa yanavyoganda kuwa jibini, na ndani yake wakatokea funza, na funza hao ndio malaika. Alishtakiwa mara mbili, kesi ya kwanza mwaka 1584 na ya pili mwaka 1599. Ya pili ilimpeleka kwenye kifo.

Nilimpa kijana kitabu hicho Ijumaa. Jumapili usiku simu ikalia.

"Mjomba, huyu mzee walimfanya nini mwishoni? Usiniambie. Hapana, niambie."

Tuliongea karibu saa nzima. Kilichomgusa zaidi hakikuwa funza. Kilikuwa ni karani wa mahakama. Mahakimu walihoji, Menocchio akajibu, na karani akaandika, hata vijembe, hata pale mshtakiwa alipojisahau akaanza kuwahubiria wanaomhukumu. Kazi ya yule karani ilikuwa kukusanya ushahidi wa kumwangamiza mtu, na maandishi hayohayo ndiyo yaliyomhifadhi mtu huyo hadi leo. Mpwa wangu aliliona jambo hilo mwenyewe, wala sikumdokezea. Ndipo nikajua kwamba sasa anasoma historia, maana ameshaanza kujiuliza habari imemfikia kwa mkono wa nani.

Nami nilipokipitia tena ili tuzungumze vizuri, nilisimama mahali ambapo zamani nilipita mbio. Ginzburg anaorodhesha vitabu ambavyo Menocchio alivitaja au alikutwa navyo, na anaonyesha kuwa vingi kati ya hivyo havikuwa vyake. Aliviazima. Katika kijiji kile kidogo, mtu alimpa mwenzake kitabu, mwenzake akampa mwingine. Mawazo yote yaliyowatikisa mahakimu yalipita katika mikono ya watu walioambiana, "Hebu kisome hiki." Tangu hapo sikuichukulia tena kazi ya kumpendekezea mtu kitabu kuwa jambo jepesi la kupitishia wakati.

Somo lililofuata lilinifikia kazini, nalo lilikuwa chungu. Kuna mwenzangu mmoja, mhasibu, dada mtulivu asiyekubali tarakimu mpaka aione ilipotoka. Nilimsimulia kitabu cha Adam Hochschild cha mwaka 1998, King Leopold's Ghost, kuhusu Kongo ilipokuwa mali binafsi ya mfalme wa Ubelgiji. Nilimweleza sehemu ninayoipenda mno: E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli, akisimama bandarini Antwerp mwishoni mwa miaka ya 1890. Meli zinatoka Kongo zimejaa mpira na pembe za ndovu. Zinaporudi Kongo zinabeba wanajeshi, bunduki na risasi, na bidhaa za kununulia mpira ule hazipo, au ni chache mno. Morel hakuhitaji kufika Kongo. Akiwa na daftari la mizigo mkononi alielewa kwamba mali inayotoka bila kulipiwa inatolewa kwa nguvu. Huyo dada macho yalimwaka. Ni hesabu, na hesabu anaijua.

Kisha nikaongeza, kwa kujiamini: "Waliwaua watu milioni 10."

"Nani aliwahesabu?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nilikasirika kidogo, maana nilihisi anauliza kana kwamba anapunguza uzito wa maovu yale. Hakuwa anapunguza. Aliuliza kama anavyowauliza watu wote. Nilirudi nyumbani nikafungua kitabu, nikakuta kwamba Hochschild mwenyewe amelieleza jambo hilo kwa uangalifu nisiokuwa nao. Anasema ni makadirio ya upungufu wa watu, idadi iliyoshuka kwa takribani nusu, kwa kuwa hakukuwa na sensa ya kuaminika hadi miaka ya 1920. Na anataja kilichowapunguza: mauaji, njaa na uchovu wa kukimbilia porini, magonjwa, na watoto wachache kuzaliwa. Mimi nilikuwa nimevikusanya vyote nikavifanya neno moja, "waliwaua." Kitabu kilisema kweli, aliyekosea ni mimi niliyekisimulia kwa kumbukumbu.

Kesho yake nilimpelekea kitabu na kumwonyesha kurasa zenyewe. Alikisoma chote. Aliniambia kwamba asingekishika kama nisingerudi kusahihisha kauli yangu, kwa sababu alishafikiri ni kitabu cha kupiga chumvi. Fikiria hilo. Sifa zangu zisizo na uangalifu zilikaribia kumnyima msomaji kitabu kizuri. Siku hizi, kabla sijampendekezea mtu kitabu nilichokisoma miaka mingi nyuma, nakifungua kwanza, japo kwa nusu saa. Kumbukumbu hukinyoosha kitabu. Hukitolea mashaka yake, na mashaka hayo ndiyo yanayotofautisha historia na ngano.

Mtindo ninaoutumia sasa nilijifunza kwa Walter Rodney, na sikujifunza katika hoja yake kuu bali mahali ambapo wasomaji wengi huparuka. Kitabu chake How Europe Underdeveloped Africa kilitoka mwaka 1972, akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu wamekibishania tangu siku hiyo, wakisema kina hasira, kina Umaksi mwingi, hakina tanbihi kama kazi za kitaaluma zinavyotakiwa. Lakini mwishoni mwa kila sura Rodney ameweka mwongozo mfupi wa kusoma. Anamwelekeza msomaji kwenye waandishi wengine, na hataji majina tu. Anasema huyu ana nini na mwingine amepungukiwa wapi. Aliandika kwa ajili ya mtu asiye na mwalimu karibu, naye hakutaka mtu huyo aishie kwenye kitabu chake. Aliuawa kwa bomu Georgetown, Guyana, tarehe 13 Juni 1980, akiwa na miaka 38. Kila nikifika kwenye kurasa zile ndogo za mwisho wa sura nahisi bado ananishika mkono.

Kwa hiyo nikaanza kuandika. Kitabu kikitoka kwangu, ndani yake kuna kipande cha karatasi chenye mistari michache: kwa nini nimekufikiria wewe, uanzie wapi, na wapi usimwamini sana mwandishi. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo ngumu. Ukikipenda kitabu, kutaja udhaifu wake ni kama kumsema rafiki yako mbele za watu. Lakini nimeona jinsi inavyomfungua msomaji. Aliyeambiwa "sura ya pili ni nzito, iruke, utairudia" hasomi kwa woga. Aliyeambiwa "hapa nadhani mwandishi amezidisha" anasoma akiwa amekaa sawa, tayari kubishana, na ubishi ndio unaomfikisha ukurasa wa mwisho.

Kuhusu mahali pa kuanzia, nina mfano ninaoutoa kila mara. Ile Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, kazi iliyoanzishwa mwaka 1964, juzuu zake 8 za mwanzo zinapatikana bure mtandaoni. Watu wengi hupakua juzuu ya kwanza, iliyohaririwa na Joseph Ki-Zerbo, wakaisoma kuanzia mwanzo, wakachoka. Ni juzuu ya mbinu za utafiti na historia ya kale sana, imejaa mambo ya wataalamu. Nawashauri wachague sura moja tu humo, ile ya Amadou Hampâté Bâ kuhusu masimulizi ya mdomo, kisha waende moja kwa moja kwenye juzuu ya kipindi wanachokipenda. Wanaofanya hivyo hurudi. Hakuna anayelazimika kuingia baharini kwa kupitia lango moja.

Jambo la kusoma vitabu viwiliviwili lilitokea kwa bahati, kwenye kikundi chetu cha wasomaji. Tuko kati ya saba na kumi, tunakutana mara moja kwa mwezi. Zamu yangu ya kuchagua ilipofika nilileta maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, na ambayo Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Nilifurahi sana. Hapa hapana mgeni anayetusimulia, hapana tafsiri. Ni sauti ya mtu wa karne ya 19 kwa lugha tunayoiongea, anavyohesabu pembe zake, anavyokopa mali, anavyopita nchi moja hadi nyingine akiwa na msafara wake. Kiswahili chake ni kikavu na kina mwendo, sentensi fupi, za mtindo wa tukafika, tukakaa, tukapigana, tukapata pembe.

Wengi walikipenda. Ilipofika zamu ya mzee mmoja wetu, mstaafu asiyesema mengi, alikifunga kitabu akaweka kiganja juu ya jalada. "Na waliozibeba hizo pembe," akasema, "wao wanasema nini?"

Tulikaa kimya. Kitabu kizima kimejaa watu hao, na hakuna hata mmoja anayefungua kinywa. Wanahesabiwa, wanatekwa, wanakufa njiani, na msimulizi anaendelea na safari yake bila kusita. Nilikuwa nimelisoma simulizi lile mara mbili, nikiwa nimenaswa na utamu wa lugha, na swali hilo halikunijia. Nilisikia aibu, si mbele ya kikundi, bali mbele ya watu wale wa kwenye kurasa.

Mwezi uliofuata yule mzee alituletea Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa mtu aliyewahi kutekwa, na anasimulia kuvamiwa, kuswagwa, kuuzwa, na hatimaye kukombolewa. Nacho kina upungufu wake. Kinawainua sana Waingereza, kana kwamba uhuru ni zawadi waliyoileta wao peke yao, na wanakikundi wawili walikasirika hadi wakataka kukiacha. Lakini tulipoviweka viwili hivyo mezani kwa pamoja, kila kimoja kikaanza kukihoji kingine. Kimya cha kile cha kwanza kikasikika. Sifa nyingi za hiki cha pili zikaanza kuhitaji maelezo. Hakuna kitabu ambacho kingetufundisha hivyo kikiwa peke yake, na tangu siku ile nikipendekeza cha aliyeshika mjeledi natafuta pia cha aliyepigwa, hata kama kimeandikwa vibaya zaidi.

Nimezungumza kana kwamba mimi ndiye mtoaji tu. Mapendekezo yaliyonibadilisha zaidi niliyapokea, na mara nyingi niliyapokea kwa ukaidi. Yule dada mhasibu ndiye aliyenipa kitabu cha Svetlana Alexievich kuhusu wanawake wa Kisovieti waliopigana katika Vita Kuu ya Pili. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1985, na mwandishi alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Nilikipitisha macho nikasema, "Hii si historia. Ni mahojiano. Hakuna tarehe, hakuna nyaraka." Akanijibu, "Soma kurasa kumi, kisha uniambie ni nini."

Nilisoma zaidi ya kumi. Ni wanawake waliokuwa wadunguaji, waganga wa vitani, marubani, waosha nguo, wakizungumza miaka arobaini baadaye, na wanachokikumbuka si mipango ya majemadari. Ni viatu vikubwa kuliko miguu yao. Ni nywele zilizokatwa. Ni kurudi nyumbani na medali kisha kuzificha kwa sababu majirani waliwatazama vibaya. Kilichonipiga zaidi ni kwamba katika toleo la baadaye Alexievich alirudisha vipande vilivyokatwa na wachunguzi wa serikali, na pamoja navyo vile alivyovikata yeye mwenyewe. Ameviweka wazi, msomaji aone serikali iliogopa nini na mwandishi aliogopa nini. Nilimpigia yule dada nikamwambia nimekosea. Akasema anajua, kwa sababu nimekaa kimya siku nne.

Kwa sasa vitabu vitatu viko kando ya kitanda changu. Wasomaji wengine wanashauri usome kimoja hadi mwisho ndipo ushike kingine, lakini mimi husoma kwa saa za siku.

Asubuhi, kichwa kikiwa chepesi, nasoma Muqaddima ya Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Afrika Kaskazini, kurasa tano au sita tu. Aliiandika mwaka 1377 akiwa amejitenga kwenye ngome huko Algeria, baada ya miaka mingi ya siasa iliyomwingiza hata gerezani. Nilidhani nitakuta orodha ya wafalme. Nimekuta mtu anayeuliza kwa nini wanahistoria hudanganyika, na ameanza na tarakimu! Anachukua majeshi makubwa mno wanayoyataja waandishi wa kale na kuuliza yangepitaje njiani, yangelishwa na nini, yangejipanga vipi kwenye uwanja wa vita. Nilipofika hapo nilicheka kwa furaha nikamkumbuka yule dada wa hesabu. Nilimpigia picha ukurasa huo nikamtumia. Jambo lake la asabiya, yaani mshikamano unaoinua ukoo hadi utawala kisha ukalegezwa na raha za utawala wenyewe, bado nalitafuna. Sikubaliani nalo kila mahali, na baadhi ya maneno yake kuhusu watu weusi ni mabaya, tena ni mabaya waziwazi. Nitakapompendekezea mtu kitabu hiki nitamwambia hayo mapema, asije akayakuta peke yake akadhani sikuyaona.

Mchana, kwenye foleni na vituo vya kusubiri, nasoma kwenye simu kitabu cha Marc Bloch kuhusu kazi ya mwanahistoria. Kinaanza na mtoto anayemwuliza baba yake, historia ina faida gani? Bloch aliandika wakati Ufaransa imekaliwa na Wajerumani, mbali na maktaba yake, kisha akajiunga na wapinzani wa utawala huo. Alikamatwa, akapigwa risasi tarehe 16 Juni 1944. Kitabu kilichapishwa mwaka 1949 kikiwa hakijakamilika. Najua kurasa zinakwisha ghafla mbele yangu, na kwa sababu hiyo najikuta nasoma polepole, kama mtu anayesindikiza mgeni asiyetaka aondoke.

Usiku ni zamu ya riwaya. Nilikuwa na imani kwamba riwaya si mahali pa kujifunzia historia, na imani hiyo nimeiacha. Ninasoma Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2020, kuhusu watu walioishi chini ya utawala wa Wajerumani Afrika Mashariki, na kijana Hamza aliyejitolea kwenda kuwa askari wao. Vitabu vya historia vilishanieleza Vita Kuu ya Kwanza vilipita wapi huku kwetu. Sikuwahi kuelezwa inavyokuwa kurudi kutoka vitani ukiwa huna pa kurudi, ukatafuta kazi na mahali pa kulala. Nyaraka haziandiki jambo kama hilo, kwa sababu hakuna ofisi iliyoliuliza. Lakini napendekeza riwaya ya historia kwa sharti moja, kwamba msomaji awe na angalau kitabu kimoja cha historia cha kipindi hichohicho karibu naye, ajue mwandishi amejenga wapi na amekuta nini.

Mpwa wangu alikuja tena mwezi uliopita. Baada ya Menocchio amesoma vitabu sita, viwili kati yake sijawahi kuvisikia, na kimoja ameniachia pamoja na karatasi yake ndani, ameandika kwa kalamu ya risasi: "Mjomba, hiki ni kwa sababu ulisema hupendi historia ya magonjwa. Anza sura ya nne. Mwandishi anarudiarudia." Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kusema hivyo.

Alisimama mbele ya rafu, akapitisha kidole kwenye migongo ya vitabu, akasimamisha kidole kwenye kile cha Thucydides. "Naweza kujaribu tena?"

Nilikitoa. Ile karatasi ya zamani bado ilikuwa kwenye ukurasa wa 31. Niliichomoa, nikaisogeza mbele hadi kitabu cha pili, mwaka 430 KK, pale ugonjwa unapoingia Athens kwa kupitia bandari ya Piraeus na watu wanaanza kunong'ona kwamba adui ametia sumu kwenye visima. Nilimwambia kwamba anayesimulia aliugua ugonjwa huohuo akapona, na kwamba anaandika dalili zake moja baada ya nyingine ili ukirudi watu wautambue. Halafu nikachukua kalamu nikaandika juu ya karatasi: "Anzia hapa. Ukichoka, nirudishie uniambie umechokea wapi."

Aliisoma, akacheka, akaiacha palepale.